Maswali ya Wasomaji: Kiputo Hutoweka kwa Nyuzi 210, Mwamba Ulifikia 550

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Nimepima vifuko vya giligili (vitundu vidogo vyenye kimiminika au gesi) vilivyomo katika mshipa wa madini ya kwatzi unaokata mwamba wa shisti, yaani mwamba wenye matabaka uliogeuzwa na joto na kanieneo. Nilipovipasha moto chini ya hadubini, kiputo cha mvuke kilitoweka karibu na nyuzi 210 za Selsiasi, lakini madini ya ganeti na bayotaiti ya mwamba wenyewe zinaonyesha kwamba mwamba ulifikia takriban nyuzi 550. Je, vipimo vyangu vina kosa, au mshipa huu hauhusiani na kugeuka kwa mwamba?

JIBU: Tofauti hiyo peke yake si dalili ya kosa. Kwatzi inapokua, au nyufa zake zinapoziba, hufungia matone ya giligili inayopita, mara nyingi yenye upana usiozidi maikromita 20. Mwamba unapopoa, giligili hunywea zaidi kuliko kwatzi inayoizunguka, na katika nafasi inayobaki hutokea kiputo. Halijoto ya kutoweka kwa kiputo, basi, si halijoto ya kunaswa. Ni kiwango cha chini kabisa ambacho giligili ingeweza kunaswa ikiwa ya hali moja (bila kiputo), mradi kifuko hakijabadilika tangu hapo. Henry Clifton Sorby alieleza msingi wa hoja hii nchini Uingereza mwaka 1858, na tayari aliona kwamba kanieneo haiwezi kuachwa nje ya hesabu.

Kanieneo ndiyo inayojaza pengo lako. Ujazo wa kifuko ukibaki uleule, halijoto na kanieneo ya ndani hupanda pamoja kwenye mstari uitwao aisokori, na giligili ingeweza kunaswa mahali popote kwenye mstari huo kuanzia nyuzi 210 kwenda juu. Kwa maji yenye chumvi kidogo, mstari huo ukifuatwa hadi nyuzi 550 hufika kwenye kanieneo ya kilobari kadhaa. Kilobari 1 ni takriban uzito wa tabaka la mwamba lenye unene wa kilomita 3.5 hadi 4, kwa hiyo matokeo hayo hayashangazi kwa shisti yenye ganeti.

Hata hivyo, kuwezekana si kuthibitika, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi: chunguza mahali vifuko vilipokaa kabla ya kupima chochote zaidi. Vilivyopangwa kufuata kingo za ukuaji wa fuwele vilinaswa kwatzi ilipokuwa ikikua. Vilivyo kwenye mistari inayovuka mipaka ya chembe ni vya nyufa zilizoziba baadaye, labda mwamba ulipokuwa tayari ukipanda kuelekea juu na kupoa. Katika mishipa ya miamba iliyogeuka, aina hii ya pili ndiyo ya kawaida, kwa sababu kwatzi hupinda, huvunjika na kujiunda upya mara nyingi. Usichanganye kamwe namba za mistari miwili tofauti katika wastani mmoja.

Kisha gandisha vifuko na uangalie vinapoyeyuka, ili ujue vina nini ndani. Barafu ikiyeyuka kwa nyuzi -5, maji yana takriban asilimia 8 ya chumvi kwa uzito. Kigumu kikiyeyuka kwa nyuzi -56.6, una kabonidayoksaidi safi. Ikiyeyuka chini ya hapo, kuna methani au naitrojeni ndani yake, na aisokori ya maji yenye chumvi haitafaa tena.

Lipo pia suala la vifuko kubadilika. Mwamba ukipandishwa haraka ungali na joto, kanieneo ya nje hupungua kuliko ya ndani, na kifuko hutanuka au hupasuka. Sterner na Bodnar walionyesha jambo hili mwaka 1989 kwa vifuko vilivyotengenezwa maabarani, na kwa maoni yangu kila anayepima miamba ya aina hii anapaswa kuyazingatia matokeo yao. Maji pia yanaweza kuvuja na kuacha kabonidayoksaidi nyuma, jambo linalofanya tafsiri ya vifuko vya kabonidayoksaidi, kama vile Jacques Touret alivyovieleza mwaka 1971 katika granulaiti (miamba iliyogeuka kwa joto kali sana) za Bamble, kusini mwa Norway, idai uangalifu mkubwa.

Kwa mshipa wako, panga vipimo vya kila kundi kulingana na ukubwa wa vifuko. Vifuko vya kundi moja vikitofautiana kwa nyuzi chache tu, vikubwa kwa vidogo, una sababu nzuri ya kuamini densiti yake na kuchora aisokori yake. Vikisambaa sana, huku kiputo cha vikubwa kikitoweka kwa halijoto ya juu kuliko cha vidogo, yaelekea vikubwa vimetanuka. Hapo tegemea vile vidogo. Mahali aisokori inapokutana na halijoto iliyopatikana kwa njia nyingine ndipo utakapopata kanieneo, lakini nyuzi 550 za ganeti na bayotaiti zitumie tu kwa kundi ambalo umeonyesha, kwa mpangilio wake ndani ya kwatzi, kwamba lilinaswa wakati madini hayo yalipokuwa yakikua.