Mama ameacha miwani ya kusomea: macho yamepona?

SWALI: Mama yangu ana miaka 64, tunaishi Mbalizi. Zamani hakuweza kuchambua mchele bila miwani ya +2.50. Sasa ameiweka kando, hata uzi anatunga kwenye sindano bila miwani. Lakini mtu akisimama ng'ambo ya barabara, hamjui mpaka asikie sauti. Macho yanajirekebisha yenyewe?

JIBU: Hapana. Kuna uwezekano mkubwa ni mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi, ile sehemu ya ndani ya jicho inayokusanya mwanga) wa katikati ya lenzi, na hiyo nafuu ya karibu ni dalili yake mojawapo.

Karibu theluthi mbili ya lenzi ni maji. Kinachobaki, karibu chote ni protini ziitwazo kristalini. Seli za katikati hazitengenezi protini mpya, kwa hiyo kristalini za hapo ni zilezile alizozaliwa nazo. Zinalindwa na glutathioni, kinga ya asili dhidi ya madhara ya oksijeni, ambayo kuanzia umri wa makamo hufika katikati kwa shida. Ulinzi ukipungua, oksijeni huzishika: salfa ya protini moja hufungana na ya nyingine. Alfa-kristalini, ambayo kazi yake ni kuzuia wenzake wasigandane, nayo huzidiwa. Lenzi hukakamaa, hugeuka njano, kisha kahawia. Mpe usiku uzi mweusi na wa bluu iliyokolea, akivichanganya, usishangae.

Sasa hapo kwenye mchele. Katikati palipokakamaa hupinda mwanga zaidi. Jicho lililokuwa likiona mbali vizuri likisogea hadi namba -2.50, yaani ya asiyeona mbali, huona wazi umbali wa sentimita 40, yaani pale ungo unapokaa mapajani. Nguvu ya ile miwani imehamia ndani ya jicho, na gharama yake ni kuona mbali. Lenzi ikizidi kuwa na ukungu, hata ungo atauona vibaya.

Kabla ya kununua miwani yoyote, apimwe sukari asubuhi kabla hajala. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi hubadilisha maji yake na namba ya miwani hubadilika nayo. Ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe, atibiwe, na miwani isubiri wiki kadhaa hadi sukari itulie.

Nyumbani, toboa karatasi ngumu kwa sindano, azibe jicho moja, atazame mbali kupitia tundu. Akiona vizuri zaidi, miwani ya namba za kutoa, yaani ya kuonea mbali, huenda ikamsaidia kwa muda. Asipopata nafuu, huenda ukungu umeshakuwa mzito, au tatizo liko nyuma ya lenzi. Kliniki ya macho itampanua mboni ili ione.

Hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kuyeyusha protini hizo, na majani ya kukamulia jichoni huleta vidonda. Tiba ni upasuaji: lenzi hutolewa, inawekwa ya bandia. Hahitaji kusubiri "iive", neno la zamani hilo. Apasuliwe ikishamzuia shughuli zake. Ila jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukashuka ghafla, mpeleke siku hiyohiyo, kwani lenzi iliyovimba inaweza kupandisha presha ya jicho.