Ndege ndogo ikipotea kati ya Unguja na Pemba: bikoni inasaidia wapi na inakwama wapi

Mleta mada ameuliza: ndege ndogo aina ya Caravan ikipotea njiani kwenda Pemba, mbona watu wasifuate tu ishara ya bikoni yake, yaani kifaa chake cha kutoa ishara ya dharura, mpaka ilipo? Hufuatwa, ikiwa antena imebaki juu ya maji. Hapo ndipo penye tabu.

Bikoni ya ndege, ile mafundi wanayoiita ELT, hufungwa upande wa mkiani kwa kuwa huko ndiko kunakosalimika mara nyingi. Swichi yake ya mshtuko huiwasha bikoni pale ndege inapojigonga. Ikiwaka hutoa ishara mbili. Ya megahezi 406 huenda kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji: mlio wa nusu sekunde hivi, wati 5, kila baada ya sekunde 50, umebeba namba ya bikoni. Ya megahezi 121.5 ni dhaifu lakini haikatiki, nayo ni ya watafutaji waliokwisha kukaribia. Setilaiti ziliacha kuisikiliza 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo bikoni ya zamani isiyo na 406 inategemea ndege nyingine ipite ikiwa imefungua masafa hayo.

Bikoni yenye GPS hutaja mahali kwa tofauti ya mita mia hivi. Isiyo na GPS hukadiriwa kwa mwendo wa setilaiti, na kosa huweza kufika kilomita 5 kila upande: eneo la kilomita za mraba 78 hivi, na bahari haikai.

Mawimbi haya hayapenyi maji ya chumvi. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa huweza kupinduka ikitua majini, na antena iliyo mgongoni ndiyo hutangulia kuzama. Mlio wa kwanza wa 406 nao hutoka kama sekunde 50 baada ya bikoni kuwaka. Ndege ikizama kabla ya hapo, setilaiti haijasikia kitu.

Ndiyo maana nasisitiza kwa marubani: usiisubiri swichi ya mshtuko. Injini ikizima na maji yako chini yako, ukishaiweka ndege kwenye mwendo wa kuelea hewani bila injini na kutoa wito wa dharura, sukuma swichi ya bikoni kutoka ARM (inasubiri mshtuko) kwenda ON (imewaka) ungali hewani. Dakika 5 za kushuka ni milio 5 au 6, na antena iko wazi mbinguni.

Kwenye ukaguzi wa bikoni, anza na waya wa antena. Ushike pale unapoingia kwenye boksi, kisha pale unapoishia kwenye antena, uutikise. Hewa yetu ya chumvi hufanya kichwa cha waya kiote ukijani. Ukiuona, badilisha, usisugue tu. Mkanda wa kunata (velcro) unaoshika boksi hulegea kwa joto na mafuta, bikoni huchomoka na kukata waya wake yenyewe. Soma tarehe ya betri. Kisha usajili: ndege iliyonunuliwa nje huja na bikoni yenye namba ya nchi ya zamani, tahadhari inakwenda huko, na simu inapigwa kwa mmiliki aliyeuza siku nyingi. Kubadilisha usajili ni kazi ndogo kuliko zote hizi, na inasahaulika kuliko zote.

Kwa safari za juu ya maji, mimi naithamini zaidi bikoni ndogo ya mtu binafsi iliyofungwa kwenye jaketi la kuokolea la rubani. Inatoka pamoja na mtu, inaelea naye. Lazima iwashwe kwa mkono na antena yake isimame, basi abiria nao waonyeshwe kabla ya kuruka.

Bikoni ikinyamaza, kinachobaki ni alama ya mwisho ya rada au sauti ya mwisho ya redio, pamoja na saa yake. Mkondo wetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hukaza. Ukiwa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, baada ya saa 3 aliyeko majini yuko maili 6 za baharini kutoka hapo, kama kilomita 11. Anayekwenda kuzunguka pale pale ilipoonekana mwisho anatafuta mahali patupu. Upepo nao husukuma mto wa kiti kuliko mtu aliyezama hadi kifuani, kwa hiyo usimtafute mtu pale ulipookota mto.

Wenye boti wajue kwamba redio ya baharini, ile ya chaneli 16, haiisikii 121.5. Inatakiwa redio ya mkononi ya masafa ya ndege. Fungua skwelchi (kizuia-kelele cha redio) yote; utasikia mlio unaoteremka kutoka wembamba kwenda mzito, mara mbili hadi nne kwa sekunde. Ibane redio kifuani, zunguka taratibu. Mlio unapofifia kabisa, mwili wako umeukinga: bikoni iko mgongoni mwako. Ukikaribia, mlio hujaa kila upande. Hapo chomoa antena au sogea 121.6, uzunguke tena. Kwenye boti unasikia kilomita chache tu, ilhali ndege iliyo futi 1,000 inafikiwa na mawimbi ya umbali wa kilomita 70 hivi, basi ianze ndege, boti zifuate.

Mvuvi akiona mafuta, kiti au kipande cha bawa, kwanza ahifadhi mahali kwenye GPS ya simu na aandike saa, ndipo aokote. Kisha awape KMKM, kikosi cha Zanzibar cha ulinzi wa baharini, vyote viwili, mahali na saa, maana kimoja bila cha pili hakitoshi kukadiria mkondo umevileta kutoka wapi.