Mafuta ya Norwei, miti ya Kolo

Wiki hii wasomaji wameuliza sana kuhusu mafuta na misitu. Nimechukua maswali manne.

*Shikamoo mzee. Norwei wanachimba mafuta baharini, halafu wanatupa fedha tusikate miti. Huo si unafiki? (Msomaji, Kondoa)*

Marahaba. Unafiki upo, na Wanorwei wenyewe wanabishana juu yake. Umeme wao karibu wote unatokana na maji, na magari mapya wanayonunua mengi ni ya umeme. Mafuta wanauza nje, na moshi wake unahesabiwa kwa anayeyachoma. Mwaka 2008 walituahidi krona milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya misitu, na vilima vya Kolo hapo kwenu vikawa sehemu ya majaribio ya mpango huo.

Mimi fedha hizo nisingezirudisha. Ningeuliza tu: mchoma mkaa aliyeambiwa aache, alibaki na nini mkononi? Wazee wa Kondoa wanalijua swali hili. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo iliondolewa Kondoa Irangi ili makorongo yapone. Majani yalirudi, hilo halina ubishi. Lakini aliyekuwa na zizi aliyatazama majani hayo akiwa hana hata ndama wa kuyala.

*Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, likipita Chemba, petroli itashuka bei kwetu?*

Hapana. Ndani mna mafuta ghafi yenye nta, ambayo hupashwa moto kufikia nyuzi 50 hivi ili yatiririke. Ukilitoboa (usithubutu!) utapata kitu kinachoganda kama samli ya baridi. Kati ya kilomita 1,443 za bomba hilo, 1,147 ziko kwetu, lakini mzigo unakwenda Chongoleani, Tanga, kupakiwa melini. Petroli yako itaendelea kuja na lori.

*Mafuta yakipatikana hapa nchini, bonde la Eyasi Wembere, tutatajirika?*

Kwanza yapatikane. Norwei waligundua Ekofisk, kisima chao kikubwa cha mafuta baharini, mwaka 1969, sheria ya mfuko wao wa akiba ya fedha za mafuta ikaja 1990, fedha za kwanza zikawekwa 1996. Leo serikali yao inajiwekea kikomo cha kutumia asilimia 3 hivi ya mfuko kwa mwaka. Sisi sheria ya mapato ya mafuta na gesi tunayo tangu 2015, kabla ya pipa la kwanza. Kazi iko kwenye kuiheshimu siku bajeti inapobana.

*Nauza chakula Majengo, Dodoma. Gesi ni ya Mtwara, mbona mtungi bei juu?*

Dada yangu, hiyo si gesi ya Mtwara. Ya Mtwara na Songo Songo husafiri kwa bomba na nyingi huzalisha umeme. Ya mtungi huja kwa meli kutoka nje, ndiyo maana dola ikipanda unaisikia jikoni. Kinachokumalizia mtungi ni maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, funika sufuria vizuri na punguza moto yakishachemka. Chapati na chai hazina shida.