Re: PIN ya AdSense haijafika, hela imekwama

Habari mkuu. Kwa hiyo blogu yako ya mapishi imeshavuka dola 10 kwenye AdSense (huduma ya Google inayolipa wenye blogu kwa matangazo), wiki ya tano hii barua yenye PIN, ile namba ya kuhakiki anwani yako, haijafika na unaogopa matangazo yatazimwa. Tulia kwanza.

Cheki anwani kabla ya kitu kingine chochote. Wengi tunajaza mtaa na namba ya nyumba wakati huku kwetu barua haziletwi mlangoni, weka S.L.P. ya kweli, ya kazini au ya shule ilimradi kuna mtu anaifungua mara kwa mara na anakufahamu, na jina liwe lile lile la kwenye kitambulisho maana benki nao watakukazia hapo hapo. Ukisharekebisha ndo uombe PIN nyingine, ukiomba kabla itaenda kulekule. Una miezi minne toka ile ya kwanza itolewe, ikipita matangazo yanasimama mpaka uhakiki. Yangu ilikuja kwa sanduku la shule anayofundisha dada, kibahasha chenyewe kidogo ukizubaa unakitupa.

Halafu hiyo dola 10 ni ya uhakiki tu, kulipwa mpaka ifike 100, hela inatoka kati ya tarehe 21 na 26 mwezi unaofuata. Kwa blogu changa hiyo 100 inachelewa balaa. Wewe wa mapishi si uongee na duka la vyombo hapo mjini, unawawekea tangazo lao juu ya posti wanakutumia kwa M-Pesa? Mimi hela ya bando naitoa huko, AdSense naiacha ijae polepole kama kibubu.