Umezoea vita vya mtandaoni, sasa unataka kuvaa deraya

Ukikaa muda mrefu kwenye makundi ya maigizo ya mtandaoni, usiku sultani na mchana mpanga mizigo ghalani, iko siku utatamani kuyafanya kwa mwili yale unayoyaandika. Huku Marekani inawezekana. Kuna Society for Creative Anachronism, chama cha kuigiza maisha ya kale, wenyewe wanaiita SCA, iliyozaliwa 1966 kwenye sherehe ya uani mjini Berkeley, California. Wikiendi watu wanakutana wakiwa watu wa kabla ya 1600: wanashona, wanapika, wanacheza ngoma, wanapigana. Mimi nami nilianzia mtandaoni, na ndugu zangu kadhaa wameniuliza waingie vipi.

Nianze na pigo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye soga humwandikii mwenzako kwamba amekufa. Unaandika kuwa umemlenga shingoni, yeye anaamua umempata au amekwepa. Na tunawajua wale ambao hawapatwi hata siku moja! SCA nako aliyepigwa ndiye anayekiri. Silaha ni fimbo ya henzirani iliyozungushiwa utepe wa gundi. Ukipigwa mkono, huutumii tena. Mguu, unapiga magoti na kuendelea. Kichwa au kifua kikipatwa sawasawa, unaanguka, umekufa. Waamuzi wapo, ila wanaangalia usalama, hawakuhesabii mapigo. Lakini huku pigo linasikika. Kofia yako ya chuma ikilia kama sufuria lililodondoka, uwanja mzima umesikia. Ukijifanya hukuguswa, pengine hakuna atakayekufokea. Utaona tu wenzako wanatafuta mtu mwingine wa kupigana naye. Kama mtandaoni ulikuwa hodari wa kukwepa, tabia hiyo iache huko huko.

Vyeo navyo hujipi. Mfalme anapatikana kwa kushinda mashindano, na anatawala miezi michache tu kabla ya kumpisha mwingine. Kwa hiyo usije ukajitambulisha kama sultani. Chagua mtu wa kawaida unayeweza kumsimulia. Mimi ni mfanyabiashara wa Kilwa wa zama alizopita msafiri Ibn Battuta, 1331, na sijawahi kukosa wa kuzungumza naye kuhusu dhahabu ya Sofala. Miaka ya kuandika mhusika inakusaidia sana hapa, hilo lazima niseme. Wanaokuja bila uzoefu huo wanabaki kimya kwenye karamu. Kilemba na shuka ya pamba vinatosha kwa kuanzia. Dada zangu, kanga ziacheni nyumbani, hizo ni za karne ya 19.

Vifaa usinunue. Narudia, usinunue. Picha za deraya zinashawishi, lakini hujui bado unapenda kupigana au unapenda kuonekana umevaa. Nenda kwenye mazoezi ya kundi la karibu, mengi hufanyika kila wiki kwenye bustani za umma, uombe kuazima. Watakufunga kinga za shingo, figo, viwiko, magoti na sehemu za siri, na ndani ya kofia ile utaanza kusikia pumzi zako mwenyewe. Upeo wa macho unakuwa finyu, jasho linaingia machoni, fimbo inazidi uzito kila dakika. Mtandaoni ulipigana usiku kucha. Hapa raundi chache tu unatafuta kivuli. Beba maji mengi, na uanze kutembea na kukimbia wiki kadhaa kabla.

Pennsic, vita vikubwa vya kila mwaka kule Pennsylvania tangu 1972, viache kwanza. Vinakusanya zaidi ya watu 10,000, na utani wa siku zote ni kwamba atakayeshindwa ndiye atakayechukua mji wa Pittsburgh. Subiri hadi upate kundi linalokufahamu, upige nao kambi, ukae siku chache tu, na zamu yako ya kuosha masufuria usiikwepe.