Re: Nianze kwa daktari wa akili au mshauri nasaha?

Pole dadangu kwa msiba wa mama. Kwa huzuni kama hiyo, na usingizi wa kukatikakatika, mie ningeanza kwa mshauri nasaha. Dawa huandika daktari. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Port Reitz, hapa Mombasa, wana kitengo cha akili.

Mshauri muulize usajili wake, sheria ya Kenya ya 2014 ya washauri na wanasaikolojia yamtaka awe nao. Wangu wa kwanza nilimwacha baada ya vikao viwili: mimi nalia, yeye atazama simu! Na kama waogopa macho ya Mji wa Kale, vuka daraja uende Nyali, nilivyofanya mimi. Uliza bei mapema, na kama mtaongea Kiswahili. Kulia kwa Kiingereza mie siwezi.