Maswali ya Wasomaji: Viatu vya Barabarani au vya Milimani?

Swali: Nimenunua baiskeli ya barabarani, na sasa nataka kuanza kutumia pedali zinazonasa viatu. Siku za kazi huiendesha kwenda ofisini na kurudi, na mwisho wa wiki hutoka na wenzangu kwa safari ya saa tatu au nne. Muuzaji ameniambia kwamba baiskeli ya barabarani inataka viatu vya barabarani, na kwamba vile vya milimani vitanipotezea nguvu. Mwenzangu mmoja, mwendeshaji wa siku nyingi, huvaa viatu vya milimani kwenye baiskeli ya aina hiyohiyo na hakuna anayemwacha nyuma. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa matumizi uliyoyaeleza, msikilize mwenzako. Muuzaji yuko sahihi anapozisifu sifa za viatu vya barabarani, lakini amekosea kuifungamanisha aina ya kiatu na aina ya baiskeli, kwa kuwa kiatu hushikana na pedali, na pedali hubadilishwa. Hesi za mhimili wa pedali zina kipimo kimoja, inchi 9/16, katika takriban baiskeli zote za kisasa za watu wazima, ziwe za barabarani au za milimani, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kufunga pedali za milimani kwenye baiskeli yako. Unapozibadilisha, kumbuka tu kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: hufunguka ukiizungusha kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Tofauti yenyewe utaiona ukikigeuza kiatu na kuitazama soli. Kiatu cha barabarani kina matundu matatu yaliyopangwa pembetatu, na hapo hufungwa kliti, yaani kipande kinachonasa kwenye pedali. Kliti hiyo ni kubwa, kwa kawaida ya plastiki, nayo hutokeza chini ya soli iliyo tambarare na isiyo na meno. Mfumo huu ulianza kuenea baada ya kampuni ya Look ya Ufaransa kutoa pedali zake mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. Kiatu cha milimani kina matundu mawili yaliyo sambamba, ndani ya mfereji unaoruhusu kliti isogezwe mbele au nyuma. Kliti yake ni ndogo, ya chuma, nayo hukaa ndani ya soli, katikati ya meno ya mpira, kiasi kwamba mtu anapotembea ni mpira unaogusa ardhi zaidi kuliko chuma. Kampuni ya Shimano ilitoa mfumo wake wa pedali na kliti uitwao SPD mwaka 1990, na tangu hapo matundu mawili yamekuwa desturi ya viatu vya milimani, hata kwa watengenezaji wa pedali wanaoshindana nayo.

Sasa tuje kwenye nguvu zinazodaiwa kupotea. Nguvu ya mguu hupita kwenye soli kabla ya kufika kwenye pedali, na soli inayopinda chini ya unyayo huufanya mguu uielemee sehemu ndogo tu, jambo ambalo mwendeshaji hulihisi kama joto au maumivu chini ya vidole. Kwa hiyo linaloamua ni ugumu wa soli, wala si idadi ya matundu. Viatu vya milimani vya bei ya chini, hasa vile vinavyofanana na raba za kawaida, huwa na soli inayopinda kwa urahisi, na hapo maneno ya muuzaji yana ukweli. Lakini vipo viatu vya milimani vyenye soli ya nailoni ngumu au ya nyuzi za kaboni, na wanaoshindana katika mbio za milimani hawavai viatu vinavyopinda. Shika kiatu kisiginoni na kwenye ncha, ukijaribu kukikunja kwa mikono. Kikikunjika bila taabu, kirudishe rafuni, kiwe kimeandikwa cha barabarani au cha milimani.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni mbio za saiklokrosi. Baiskeli zake zina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya barabarani, lakini washindani huvaa viatu vya matundu mawili, kwa sababu hulazimika kushuka, kuibeba baiskeli begani na kukimbia matopeni, kisha kupanda tena na kunasa upesi. Watu hao hushindania sekunde, nao huchagua kiatu kwa kuangalia miguu itafanya nini ikishuka kwenye pedali.

Wewe pia miguu yako itashuka mara nyingi. Mtu anayekwenda kazini husimama kwenye taa, hupanda ngazi, huvuka sakafu yenye vigae, na huenda akatembea umbali fulani akisukuma baiskeli iliyopata pancha. Ukiwa na kliti za barabarani, vidole vya miguu huwa juu kuliko kisigino, kila hatua ni ya tahadhari, na juu ya sakafu iliyolowa kuna hatari ya kweli ya kuteleza. Kutembea huko huzila kliti zenyewe, maana plastiki husagika. Vipo vifuniko vya mpira vya kuzivisha, lakini sijaona wengi wanaokumbuka kuvibeba kila siku. Isitoshe, pedali nyingi za milimani hunasa pande zote mbili, wakati nyingi za barabarani hunasa upande mmoja. Kwenye makutano yenye magari, kuondoka bila kuinama kuangalia pedali imekaa upande gani ni usalama, wala si anasa.

Hata hivyo, wapo ambao ningewaambia wanunue viatu vya barabarani bila kusita. Ikiwa mtu huendesha baiskeli kwa ajili ya mashindano au safari ndefu za kasi tu, hutoka nyumbani na kurudi bila kutembea zaidi ya hatua chache, basi kliti pana humpa mguu jukwaa pana lililotulia, kiatu huwa chepesi zaidi na mara nyingi hupitisha hewa vizuri. Tofauti ya uzito ni ya gramu kadhaa tu kwa kila kiatu, lakini mtu akishindana kwenye mpando mrefu ana haki ya kuzihesabu. Safari zako za mwisho wa wiki zingenufaika kidogo na viatu hivyo. Siku zako tano za kazi zingeteseka, na ndiyo sababu nimeuegemeza uzani upande wa mwenzako.

Kuhusu kipimo, vijaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi unazoendeshea. Kisigino kisipande ndani ya kiatu unapouinua mguu kwa nguvu, na vidole visiguse mbele. Usiichukue namba uliyoizoea kwa kuiamini tu, kwa sababu kila kampuni ina kalibu yake. Na kabla ya kuingia barabarani, legeza springi ya pedali kwa ile skrubu yake ndogo, egemea ukuta, kisha ujizoeze kunasua kwa kusukuma kisigino nje mpaka mguu ufanye hivyo bila kuamriwa. Shimano hutengeneza pia kliti inayoitwa SH56, ambayo hunasuka kwa pande zaidi ya moja, tofauti na SH51 inayotaka kisigino kizungushwe. Mwanzoni huenda ikakupa utulivu wa moyo.

Swali: Mimi hutumia viatu vya milimani, na baada ya kama saa moja vidole vya mguu wa kulia hufa ganzi. Je, nikihamia viatu vya barabarani tatizo litakwisha?

Jibu: Huenda likaisha, lakini usinunue chochote kabla ya kujaribu mambo yasiyo na gharama. Ganzi ya namna hii mara nyingi hutokana na neva zinazopita kati ya mifupa ya mbele ya unyayo kubanwa, ama kwa upana wa kiatu usiotosha, ama kwa mkanda wa mbele uliokazwa kupita kiasi. Legeza mkanda huo kwanza, na uache ule wa juu, karibu na kifundo, ufanye kazi ya kuushika mguu. Ganzi ikiendelea, isogeze kliti nyuma, kuelekea kisigino, kwa milimita mbili au tatu, uendeshe siku chache, kisha upime tena. Wengi hufunga kliti mbele mno wakidhani ndiko kwenye nguvu, wakati kinachofaa ni mhimili wa pedali uwe chini ya ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, au nyuma yake kidogo. Kwa kuwa ni mguu mmoja tu unaokusumbua, linganisha kliti zako mbili kwa makini. Sishangai nikiona zimefungwa mahali tofauti. Ikiwa baada ya hayo yote ganzi bado ipo, na soli yako inapinda, hapo tafuta kiatu kigumu na kipana zaidi, cha aina yoyote. Ganzi inayobaki hata ukiwa umevua viatu mpelekee daktari.

Swali: Nimehama kutoka pedali za barabarani za Look Keo kwenda zile za barabarani za Shimano, ziitwazo SPD-SL, nikanunua kliti nyekundu kama nilizozoea. Sasa magoti yananiuma. Je, viatu vya barabarani ndivyo vibaya kwa magoti?

Jibu: Viatu havina kosa, rangi ndiyo iliyokuponza. Kliti nyingi huruhusu kisigino kicheze kwa digrii fulani kabla ya kunasuka, na kampuni hizi mbili hutumia rangi kwa maana tofauti kabisa. Katika Look Keo, nyeusi haichezi hata kidogo, ya kijivu hucheza digrii 4.5, na nyekundu hucheza digrii 9, ambazo ndizo nyingi zaidi. Katika SPD-SL, nyekundu ndiyo isiyocheza, ya buluu hucheza digrii 2, na ya njano hucheza digrii 6. Umetoka kwenye uhuru mkubwa kuliko wote ukaingia kwenye kifungo, na magoti yaliyozoea kujitafutia njia yao sasa yanalazimishwa kufuata mstari mmoja katika kila mzunguko wa pedali. Nunua kliti za njano. Kabla ya kuzitoa za zamani, chora mstari kwa kalamu kuzizunguka kwenye soli ili usipoteze mahali zilipokaa, ingawa pembe utalazimika kuirekebisha: keti mezani miguu ikining'inia, tazama vidole vimeelekea wapi vyenyewe, na uzifunge kliti kwa kufuata mwelekeo huo. Paka grisi kidogo kwenye hesi za skrubu, kaza zote tatu kwa zamu, na uzikague tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo hulegea. Punguza mwendo na milima kwa wiki moja au mbili wakati magoti yakitulia.